Kutoka korodani hadi yai: shajara ya mradi wa kambale, Igombe

Mradi huu ni wa kikundi chetu cha ufugaji samaki wilayani Ilemela, Mwanza, karibu na mwalo wa Igombe. Tunatotolesha vifaranga wa kambale kwenye matenki ya saruji. Wakubwa wananunuliwa na wenye mabwawa, wadogo wanachukuliwa na wavuvi wa sangara kuwa chambo cha migonzo, yaani kamba ndefu zenye ndoano nyingi.

Utotoleshaji wetu umekuwa wa kupanda na kushuka. Wiki hii mayai yanaanguliwa hadi mnakosa pa kuweka vifaranga. Wiki inayofuata, jike wa ukubwa uleule, homoni ileile, trei nzima inageuka nyeupe na kuota ukungu. Lawama humwangukia jike: kavunwa mapema, kachelewa, mayai yake mabovu. Dume haulizwi. Sisi tumeamua kumfuatilia yeye, au tuseme kufuatilia mikono yetu, kuanzia korodani inapokatwa mpaka mbegu ya kiume inapoingia kwenye yai. Atakayetaka kuiga aige, gharama zimo.

11 Januari 2025: Namna tutakavyopima

Hatua za kawaida nazipitia haraka. Jike anachomwa homoni ya kukomaza mayai saa mbili usiku. Maji yakiwa nyuzi 26, saa kumi baadaye anakamulika, yaani saa kumi na mbili alfajiri. Maji yakiwa nyuzi 25 ongeza saa moja. Yakifika 28, saa nane zinatosha. Dume wa kambale hatoi shahawa kwa kuminywa tumbo, maumbile yake ya ndani hayaruhusu, kwa hiyo anapigwa kichwani kwanza asiteseke, anapasuliwa, korodani zinatolewa, zinakatwakatwa na kukamuliwa kwenye kipande cha chandarua.

Mayai ya jike mmoja tutayagawa kwenye mabakuli madogo makavu, gramu kumi kila bakuli. Gramu moja ya mayai ya kambale ina mayai kati ya 600 na 700, kwa hiyo hata bakuli moja likiharibika hasara si ya kulilia. Dume mmoja, jike mmoja, maji yaleyale. Kinachobadilika kati ya bakuli na bakuli ni jambo moja tu. Bakuli moja litafanywa kwa mtindo wetu wa siku zote, liwe la kulinganishia. Mchana tunahesabu: yai lililorutubishwa linabaki angavu lenye rangi ya kijani kibichi au kahawia, lisilorutubishwa limepauka na kuwa jeupe.

Gharama: mizani ndogo ya kidijiti sh 35,000, mabakuli sh 6,000, kipimajoto sh 12,000. Dume wa kilo moja tunamnunua sh 9,000, na nyama yake inaliwa, haipotei.

25 Januari: Tone la maji

Mtindo wa siku zote ulikuwa kuosha korodani. Zinatoka na damu, na damu inafanya shahawa igande, basi ilionekana ni usafi kuzisuuza kwenye beseni la maji ya tenki kabla ya kuzikata. Leo korodani moja ya dume tumeisuuza hivyo, ya pili tumeifuta kwa kitambaa kikavu tu. Bakuli la korodani iliyosuuzwa limekuwa na mayai meupe zaidi ya nusu. La pili meupe yalikuwa ya kuokoteza.

Sababu yake kila mtotoleshaji aijue vizuri. Ndani ya korodani mbegu za kiume haziogelei. Zimetulia, kwa sababu majimaji yaliyozizunguka yana chumvi inayokaribiana na ile ya damu ya samaki. Kinachoziamsha ni maji baridi ya mto au ziwa: chumvi nje inashuka ghafla, mkia unaanza kupiga. Zikishaamka haziwezi kurudi kulala. Nguvu zilizobeba ni za dakika moja hivi, na kasi ya kweli ni ya nusu dakika ya kwanza. Halafu zinakwisha. Kwa hiyo tone linaloanguka kwenye shahawa wakati jike bado hajakamuliwa linaanzisha mbio ambazo hazina yai la kufikia. Mbegu zinaishia juu ya meza yetu, nasi hatuoni chochote, maana shahawa iliyokufa ni nyeupe vilevile kama iliyo hai.

Tukaanza kuyatafuta maji yanakotoka. Kusuuza tuliacha palepale, lakini kulikuwa na njia nyingine nyingi kuliko tulivyodhani. Kisu kilichotoka kuoshwa. Vidole vya aliyemshika jike. Tumbo la dume mwenyewe, lililolowa, linalotiririka kwenye mkato kila akigeuzwa. Mkasi uliowekwa kwenye beseni ili usipotee. Sasa dume anafutwa mwili mzima kwa taulo kabla ya kisu kumgusa, anayepasua hagusi maji, na anayeshika jike hagusi korodani. Damu tunaifuta kwa pamba, na mshipa mkubwa unaopita juu ya korodani hatuukati.

Taulo mbili sh 10,000. Hakuna shilingi tuliyotumia katika mradi huu iliyorudi haraka kama hizo.

8 Februari: Hadubini

Tumepata hadubini ya mtumba, sh 450,000, michango ya kikundi. Kuhesabu mayai kunakuambia kilichotokea jana. Hadubini inakuambia kabla hujapoteza mayai.

Mwanzoni haikutuambia lolote. Unaweka shahawa kwenye kioo, unaongeza tone la maji, unainamia, unarekebisha lenzi, na ukishaona vizuri mbegu zote zimesimama. Tukadhani madume wote ni wabovu. Dada mmoja wa maabara ya zahanati, aliyezoea kutafuta vimelea vya malaria, ndiye aliyetuonyesha: rekebisha lenzi kwanza kwenye shahawa kavu, mpaka vichwa vyao vinaonekana kama vumbi lililotulia, kisha bila kuondoa jicho mwenzako aongeze maji pembeni. Ukifanya hivyo unaona vumbi lote linachemka kwa ghafla. Sekunde chache linakuwa jambo la kushangaza kwelikweli, halafu mwendo unalegea, halafu mmoja mmoja anabaki anatetemeka mahali pamoja. Wanakikundi waliokuwa hawaamini habari ya tone la maji waliamini siku hiyo, bila maneno.

Mambo matatu tumeyarekebisha. Shahawa ya kambale ni nzito mno, mililita moja inabeba mbegu za mabilioni, na bila kuizimua huoni kitu ila utando. Tunaizimua kwanza kwa maji ya chumvi yasiyoziamsha. Pili, mbegu zinazosukumwa na mkondo wa maji chini ya kioo si mbegu zinazoogelea. Subiri mkondo utulie sekunde mbili tatu ndipo ukadirie. Tatu, anayekadiria asijue sampuli ni ipi. Tuligundua kuwa mtu akijua kwamba hii ndiyo ya njia mpya, anaiongezea alama bila kukusudia. Sasa mmoja anaandika namba kwenye kioo na mwingine anatazama, na alama ni za robo: hakuna, robo, nusu, robo tatu, karibu zote.

22 Februari: Maji ya chumvi, na sabuni

Kiwango ni gramu tisa za chumvi kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Tulipopima kwa kijiko cha chai, matokeo yalikuwa ya kubahatisha: mchanganyiko mmoja ulikuwa hafifu, na mbegu zikaonekana zinatikisika kabla ya kupewa maji. Mwingine ulikuwa mkali, mbegu zilitulia lakini zilipopewa maji ziliamka chache na kwa uvivu. Kijiko tumekitupa. Tunatumia dripu ya maji ya chumvi kutoka duka la dawa, sh 3,000 kwa nusu lita, kiwango chake ni hichohicho na haina wadudu. Ukiifungua itumie siku hiyo. Iliyokaa wazi kwenye rafu hata wiki haina tena usafi uliolipia.

Kuhusu sabuni: sirinji zilizooshwa kwa sabuni ya unga na kusuuzwa mara moja ziliua mbegu karibu zote, hata kwa dume aliyekuwa mzuri dakika tano kabla. Kila mbegu imefungwa kwa utando wa mafuta, na kazi ya sabuni ni kuyeyusha mafuta. Sirinji mpya ni sh 300. Hatuoshi tena, tunatumia mpya.

Jua la asubuhi linaloingia mlangoni nalo tumelizuia kwa pazia. Shahawa haikai juani.

15 Machi: Baridi

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko hatua nyingine zote. Majike hawaji kwa ratiba. Unachinja dume saa kumi na moja, jike anakuwa tayari saa mbili, na kwenye joto la chumba la Mwanza shahawa ya saa tatu imeshapoteza nguvu. Tukitaka kuchinja dume mmoja na kumtumia kwa majike wa leo na wa kesho, lazima ikae kwenye baridi.

Jaribio la kwanza lilikuwa deli lenye barafu, sh 40,000 pamoja na barafu yenyewe. Sirinji ililazwa juu ya barafu moja kwa moja. Upande uliogusa barafu uliganda, na mbegu zilizoganda hazikuamka hata moja. Maji yanapoganda ndani ya mbegu yanakuwa vipande vyenye ncha, na vipande hivyo vinatoboa kila kitu. Kinachotakiwa ni nyuzi nne, baridi bila kuganda. Sasa kati ya barafu na shahawa kuna katoni na kitambaa, na kipimajoto kinakaa palepale ilipo shahawa, si pembeni mwa deli.

Jaribio la pili: sirinji mbili, friji moja, dume mmoja. Moja ilijazwa mpaka juu na kufungwa. Shahawa ya nyingine ilimwagwa kwenye kisahani na kuwa tabaka jembamba, juu yake kuna hewa, kikafunikwa. Asubuhi ya sirinji iliyojaa ilikuwa robo, ya kisahani ilikuwa robo tatu. Mbegu zilizolala zinaendelea kupumua, na ndani ya sirinji iliyojaa hewa inakwisha. Vilevile shahawa iliyozimuliwa kwa dripu, sehemu moja kwa tatu, ilikaa vizuri kuliko nzito. Bakteria ndio adui wa pili, ndiyo maana damu na vipande vya nyama visibaki humo.

Jaribio la tatu lilituumiza vichwa. Visahani viwili, kila kitu sawa, kimoja kilikufa chote. Kila tulichokikagua kilikuwa sahihi. Tulipokiinua kifuniko kuelekea taa ndipo tulipoona: upande wa ndani kulikuwa na matone madogo, yameshikana kama jasho, na moja lilikuwa limeshaanguka katikati ya shahawa na kuacha duara lenye uwazi. Kisahani hicho kilitolewa kwenye friji kuonyeshwa wageni, kikakaa mezani dakika kadhaa, kikarudishwa. Hewa yetu ya ziwani imejaa unyevu, na juu ya kitu cha baridi unyevu huo unakuwa maji. Maji matamu kabisa, yasiyo na chumvi, ndiyo yanayoamsha mbegu. Tumerudi kwenye tone lilelile la Januari, safari hii limetoka hewani.

Dawa yake ni rahisi: karatasi ya kunyonya inabandikwa ndani ya kifuniko, na kisahani kikitoka kwenye friji hakirudi. Shahawa inagawanywa kwenye visahani vidogo kabla ya kuhifadhiwa, kila kisahani kwa jike mmoja. Umeme ukikatika usiku friji haifunguliwi. Barafu inawekwa ndani kabla ya kulala.

Kwa utaratibu huu shahawa ya jana tunaitumia leo bila woga. Ya juzi tunaitazama kwanza kwenye hadubini, na mara nyingi tunaimwaga.

12 Aprili: Kukutanisha

Shahawa inamwagwa juu ya mayai makavu, inachanganywa kwa unyoya wa kuku mpaka kila yai limeguswa, ndipo maji yanaingia. Si kinyume chake. Yai la kambale lina tundu moja dogo ambalo mbegu hupitia, na maji yakigusa yai tundu hilo nalo linaanza kufungwa. Tone moja linaanzisha hesabu mbili za muda kwa pamoja: ya mbegu na ya yai.

Kosa la kawaida ni wingi wa maji. Bakuli lililojazwa lilirutubisha vibaya kuliko lililopewa maji yanayolingana na mayai, maana mbegu zilitawanyika mbali na mayai. Dakika moja ya kukoroga taratibu inatosha, kisha mayai yasambazwe kwenye trei kabla hayajanata mabonge. Maji yawe ya tenki. Ya bomba yana klorini, yakae wazi kwanza siku nzima.

10 Mei: Dume gani anakuwa baba

Tulipoanza mradi, nia ilikuwa vifaranga wengi. Hadubini imetuletea jambo jingine ambalo naliona zito kuliko idadi.

Watotoleshaji wengi, sisi tukiwemo, tulikuwa tunachanganya shahawa ya madume watatu au wanne kwenye bakuli moja, kwa imani kwamba vifaranga watakuwa na baba tofauti na damu haitakaribiana. Angalia lakini shahawa za madume hao mmoja mmoja. Wa kwanza karibu zote zinaogelea, wa pili nusu, wa tatu robo. Zikichanganywa, zote zinapewa maji kwa wakati mmoja na kukimbilia matundu yaleyale yanayofungwa. Mwenye mbegu za kasi anachukua sehemu kubwa ya mayai. Kwenye daftari tunaandika madume watatu, kwenye tenki wengi wana baba mmoja.

Na huyo mmoja hakushinda kwa sababu anakua haraka au anastahimili magonjwa. Pengine korodani yake ilikatwa ya mwisho, ikakaa mezani muda mfupi zaidi. Pengine shahawa yake inavumilia friji. Tukichagua wazazi wa kesho kutoka kwenye vifaranga hao, na watoto wao tena hivyohivyo, bila kukusudia tunafuga kambale wanaovumilia maabara yetu, na waliobaki wanapotea kizazi hadi kizazi. Mkulima anayechukua wazazi kwetu anauziwa ukoo mwembamba bila kuambiwa.

Utaratibu mpya: mayai ya jike yanagawanywa kwanza, kila dume bakuli lake, kila bakuli maji yake. Mayai yakisharutubishwa ndipo yanaunganishwa. Dume mwenye alama ya robo anapewa shahawa nyingi zaidi kwa mayai machache, ili naye aache uzao. Kazi inaongezeka, muda unaongezeka kama nusu saa, na mabakuli zaidi sh 4,000. Kulikuwa na ubishi kikundini kwamba dume dhaifu aachwe. Jibu letu: kabla ya kumwita dhaifu, angalia kwanza kama udhaifu ni wake au ni wa mikono iliyomshika. Dume mmoja aliyepewa alama ya robo, korodani yake ya pili ilipotolewa kwa taulo kavu na sirinji mpya, ilipata robo tatu.

14 Juni: Kugandisha, na ningu

Wengi mmeuliza kuhusu kugandisha shahawa kwenye nitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, kama wanavyofanya wataalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe. Kwa samaki si jambo jipya. Mwaka 1949 Polge, Smith na Parkes wa Uingereza waligundua kwamba gliserini inazilinda mbegu zisipasuke zikigandishwa, na mwaka 1953 Blaxter akafanikiwa kwa shahawa ya samaki aina ya herringi. Kwa kambale kinga inayotumika sana ni methanoli, au kemikali nyingine iitwayo DMSO.

Nitrojeni hatuna bado. Tulichojaribu ni sehemu ya kwanza tu: kinga yenyewe inafanya nini kwa mbegu kabla ya kuganda. Mwanafunzi wa uvuvi aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo alisimamia. Shahawa iliyochanganywa na methanoli asilimia kumi ikatazamwa baada ya dakika kumi, kisha baada ya saa nzima, zote kwenye baridi. Ya dakika kumi ilikuwa karibu sawa na isiyowekwa kitu. Ya saa nzima ilishuka hadi robo. Kinga ni sumu ya polepole. Anayetaka kugandisha awe na kila kitu tayari mezani kabla ya kuichanganya, tanki limefunguliwa, vimirija vimeandikwa. Methanoli ni sumu kwa binadamu pia na inawaka, kwa hiyo glavu, dirisha wazi, na chupa haikai karibu na jiko wala mahali mtoto anaweza kufika.

Sababu ya kutaka nitrojeni si kambale. Kambale tunao. Ni ningu, samaki wa asili wa ziwa letu. Wazee wa Igombe wanawakumbuka ningu waliokuwa wakipanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga, na nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito zikawamaliza wakiwa na mayai tumboni. Wanaopatikana sasa ni wachache, na dume na jike huwapati siku moja. Shahawa ya dume aliyepatikana mwezi huu ingehifadhiwa, ingemsubiri jike wa mwezi ujao. Tofauti na kambale, dume wa ningu anakamulika kwa kuminywa tumbo, hachinjwi, na akirudishwa majini anaishi. Shida yake ni kwamba mkojo unatoka pamoja na shahawa, na mkojo wa samaki wa maji baridi ni maji tu kwa mbegu. Tutaminya matone ya kwanza nje, tufute, ndipo tukinge kwa sirinji kavu.

Gharama za mradi hadi leo, bila homoni na madume, zimefika sh 590,000, nyingi zikiwa za hadubini. Mvua za vuli zikianza tutakuwa mtoni na taulo, dripu na deli. Ingizo linalofuata litakuwa la ningu.